Gambiti ya Evans: kitunda kimoja kinanunua nini?

Kuna hatua moja katika sataranji ambayo mtu akiiona kwa mara ya kwanza huamini mchezaji ameteleza mkono. Mweupe amecheza vizuri kabisa hatua tatu za mwanzo: kitunda e4, farasi f3, askofu c4 (herufi hutaja safu ya wima na namba hutaja mstari wa mlalo, pamoja zinataja mraba). Mweusi naye amejibu kwa ustaarabu uleule: kitunda e5, farasi c6, askofu c5. Ubao umetulia, hakuna aliyemgusa mwenzake. Kisha, hatua ya nne, Mweupe anachukua kitunda chake cha b na kukisukuma hadi b4, mbele kabisa ya askofu wa Mweusi, akiwa hana chochote cha kukilinda.

Hiyo ndiyo Gambiti ya Evans. Gambiti, kwa jumla, ni ufunguzi ambao mchezaji anatoa kitu mapema, mara nyingi kitunda, ili apate faida isiyohesabika kwa kete zilizoliwa. Zipo nyingi: Gambiti ya Mfalme, Gambiti ya Denmark, na nyingine za kishujaa zaidi ambazo hazistahimili mpinzani aliyejiandaa. Nimeichagua ya Evans kwa sababu ndiyo inayofundisha vizuri kuliko zote. Sadaka yake ni ndogo, sababu zake zinaweza kuhesabiwa kwa vidole, na kwa takribani miaka 200 wachezaji wakubwa kabisa duniani wameibishania bila kuimaliza.

Msomaji aliyekulia kwenye drafti atakuwa na swali la haraka. Kule kijiweni, kutoa kete ni jambo la kila siku: unamlisha mwenzako moja ili ule tatu, na yeye hana ujanja, kwa sababu sheria inamlazimisha ale. Sataranji haina sheria hiyo. Mweusi anaweza kukitazama kitunda cha b4 akakipita. Akikila, haliwi chochote papo hapo. Hakuna hesabu ya «mimi moja, wewe tatu». Sasa Mweupe anapata nini?

Anapata muda, na anapata njia. Tuanze na muda.

Katika ufunguzi huu ndoto ya Mweupe ni kusukuma kitunda d4 na kutawala katikati ya ubao kwa vitunda viwili vilivyosimama bega kwa bega, e4 na d4. Ili d4 iwe na nguvu, kwanza anahitaji kitunda c3 cha kuiunga mkono. Akicheza c3 polepole, yaani hatua ya nne badala ya b4, Mweusi anapata nafasi ya kupumua: anamtoa farasi f6, anakitisha kitunda cha e4, na ndoto inaanza kupungua. Huo ni mchezo mzuri na wa haki, lakini wa taratibu.

Sasa angalia kinachotokea kwa kafara. Kitunda b4, askofu anakila. Mweupe anacheza c3, hatua ileile aliyoitaka tangu mwanzo, lakini safari hii c3 inamtisha askofu. Mweusi hawezi kumtoa farasi wala kufanya jambo lolote la maana. Lazima amwokoe askofu wake, tuseme kwa kumrudisha a5. Na sasa ni zamu ya Mweupe tena, d4 iko tayari. Askofu wa Mweusi amecheza mara tatu: c5, b4, a5. Farasi wake wa upande wa mfalme bado yuko g8, mfalme bado yuko e8, na katikati panakaribia kulipuka. Kwa kitunda kimoja cha pembeni Mweupe amenunua hatua moja nzima. Katika mchezo ambao kila mmoja anacheza mara moja tu kisha anasubiri, hatua nzima mapema hivi ni kitu kikubwa.

Njia ndiyo sehemu ambayo wanaoanza hawaioni, na kwangu ndiyo roho ya gambiti hii. Kitunda cha b kikiondoka, mraba wa b2 unabaki wazi. Askofu wa Mweupe anayelala c1, ambaye katika funguzi nyingi huwa wa mwisho kuamka, ghafla ana milango miwili. Anaweza kwenda a3, akautazama mstari wa mshazari unaokata b4, c5, d6, e7 hadi f8. Au anaweza kukaa b2, akautazama mstari mrefu unaoishia g7 na h8, nyumbani kwa ngome ya Mweusi. Malkia naye anapata b3, mahali ambapo yeye na askofu wa c4 wanaelekeza nguvu zao kwenye f7, mraba unaolindwa na mfalme peke yake mwanzoni mwa mchezo.

Mkumbuke huyo askofu wa c1. Tutakutana naye tena.

Aliyeibuni alikuwa baharia. William Davies Evans, mzaliwa wa Pembrokeshire huko Wales mwaka 1790, alikuwa nahodha wa meli, na aliipata hatua ya b4 katika miaka ya 1820. Akiwa London alimshinda kwa silaha hiyo Alexander McDonnell, mchezaji kutoka Belfast aliyekuwa miongoni mwa wenye nguvu zaidi wa zama zake. McDonnell hakuikasirikia, aliichukua. Mwaka 1834 alipopambana London na Mfaransa La Bourdonnais katika mfululizo mrefu wa michezo, Gambiti ya Evans ilitokea tena na tena, na wote wawili waliitumia. Kuanzia hapo ikawa lugha ya kawaida ya wachezaji wa karne ya 19. Mtu aliyeikataa alionekana mwoga.

Mchezo unaotajwa zaidi ulichezwa Berlin mwaka 1852 kati ya Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau, na Jean Dufresne. Ulimwengu wa sataranji umeupa jina la mchezo usionyauka, na jina hilo limestahili. Dufresne alikula b4, akamrudisha askofu a5, akala tena d4. Hatua ya 11 Anderssen alimweka askofu wake a3. Mimi hupenda kusimama hapo kidogo, kwa sababu watu wengi wakiusimulia mchezo huu hukimbilia mwisho wake na kumsahau huyo askofu aliyekaa kimya pembeni.

Mwisho wenyewe ni huu. Hatua ya 17 Anderssen anamtoa farasi f6. Kitunda cha g kinamla, na kitunda cha Mweupe kilichokuwa e5 kinarudisha, kinakaa f6 kama msumari. Dufresne anahamishia ngome g8, na kwa hilo anapata hatari ya kweli: ngome hiyo inatazama moja kwa moja hadi kwa mfalme wa Mweupe aliye g1, na kinachomkinga ni kitunda cha g2 peke yake. Anderssen analeta ngome ya pili d1, hatua tulivu kabisa. Malkia wa Mweusi anamla farasi wa pili, f3, na kitunda cha g2 hakiwezi kumla malkia huyo kwa sababu kikisogea tu mfalme wake anabaki wazi mbele ya ngome. Hatua inayofuata Mweusi anatishia kumfunga mfalme, yaani kumtisha akose pa kukimbilia na mchezo uishe. Anderssen hana hata zamu moja ya kupoteza; kila anachocheza lazima kimguse mfalme wa mpinzani.

Na ndivyo anavyofanya. Ngome inakula e7, farasi anailipiza. Malkia anakula d7, anajitoa mzima, na mfalme anamla kwa sababu akikimbilia f8 anafungwa mara moja. Sasa askofu wa d3 anaruka f5 na mfalme anatishwa na wawili kwa pamoja, askofu huyo na ngome ya d1 iliyofunguliwa njia nyuma yake. Tishio la namna hiyo haliwezi kuzibwa. Lazima mfalme akimbie. Anarudi e8, askofu anamfuata d7, anakimbilia f8. Hatua ya 24 anayemaliza kazi ni yule askofu wa a3. Anateremka mstari wake wote na kula e7, analindwa na kitunda cha f6, na mfalme hana pa kwenda.

Mlango wa a3 ulifunguliwa na kitunda cha b kilichotolewa hatua ya nne. Ilimchukua Anderssen hatua 20 kukusanya alichokilipia. Wachambuzi wa baadaye walionyesha kwamba Dufresne angeweza kujilinda vizuri zaidi badala ya kumla farasi wa f3, na ni kweli. Hilo halinipunguzii heshima kwa mchezo huu. Mweusi alikuwa na uwezekano wa kujiokoa, lakini alitakiwa aupate akiwa ubaoni, huku kila kete ya Mweupe imeamka na ya kwake imelala.

Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza rasmi wa dunia tangu 1886, hakuridhika na hali hiyo. Msimamo wake ulikuwa kwamba kafara isiyo na msingi ni lazima ikubaliwe na ishindwe: kula kitunda, stahimili shambulio, kisha ushinde mwishoni kwa kete uliyozidi. Mikhail Chigorin wa Urusi alikuwa na imani tofauti kabisa, na walipokutana Havana mwaka 1889 kugombea ubingwa, Chigorin alimletea Gambiti ya Evans mara kwa mara. Steinitz alijibana kwenye pembe za ajabu, kete zimerundikana, na hakukata tamaa. Alibaki na ubingwa kwa pointi 10½ dhidi ya 6½. Lakini kati ya 1890 na 1891 walicheza michezo miwili kwa njia ya telegrafu, mmoja wao ukiwa wa Evans, kila mtu akiwa na siku za kufikiri na ubao wa kuchambulia mbele yake, na Chigorin alishinda yote miwili. Kwa hiyo ubishi wao haukuisha. Steinitz alithibitisha kwamba Mweusi anaweza kuishi, na Chigorin alithibitisha kwamba kuishi huko ni kwa tabu.

Aliyebadilisha mambo hakuwa mkaidi zaidi ya Steinitz. Alikuwa mtu wa vitendo: Emanuel Lasker, aliyemvua Steinitz ubingwa mwaka 1894. Lasker aliuliza swali ambalo sasa linaonekana rahisi. Kama kitunda hiki kinanigharimu usingizi, kwa nini nikishikilie?

Njia yake ni hii. Askofu akisharudi a5, na Mweupe akishacheza d4 na kumhifadhi mfalme wake pembeni, Mweusi hakili kitunda cha d4. Anacheza d6, kisha anamrudisha askofu b6. Kitunda cha d6 kinasimama katikati ya ule mstari wa a3 hadi f8, kwa hiyo mlango wa kwanza wa askofu wa c1 umefungwa. Na Mweupe akitaka kitunda chake, achukue: anakula e5, Mweusi analipiza kwa kitunda cha d, malkia wanabadilishana d8, farasi anakula e5. Hesabu imekuwa sawa, vitunda sita kwa sita. Lakini angalia vitunda vya Mweupe vya a na c: kila kimoja kimesimama peke yake, hakina jirani wa kukilinda. Malkia wameondoka, shambulio limekufa, na kinachobaki ni safari ndefu ambayo Mweusi anaianza akiwa amekaa vizuri zaidi.

Wenye kuipenda gambiti walikasirishwa na uvumbuzi huo kuliko kushindwa kokote. Ni rahisi kuelewa: umetoa kafara ili upate vita, mwenzako anakurudishia na kukuomba mwende taratibu. Baada ya Lasker, Evans ilipungua sana kwenye mashindano makubwa, na kwa miongo mingi ikachukuliwa kuwa kitu cha kale.

Haikufa. Mwaka 1963 huko New York, Bobby Fischer alicheza mchezo wa kirafiki na Reuben Fine, mwanasaikolojia ambaye mwaka 1938 alishika nafasi ya kwanza sawa na Paul Keres kwenye mashindano ya AVRO ya Uholanzi. Fine alikula kila alichopewa: b4, d4, halafu na c3. Hatua ya 13 askofu wa c1 akaenda b2, mlango wake wa pili. Hatua ya 15 alikuwa amekula g7. Hatua ya 17 Fischer alimweka malkia g3, mahali ambapo malkia wa Mweusi angeweza kumla, na Fine akakubali kushindwa. Akimla, askofu yuleyule anasogea mraba mmoja hadi f6 na mfalme wa d8 amefungwa: ngome ya Mweupe inatawala mstari wa e, na kila mraba mwingine umejaa kete zake mwenyewe. Hatua 17 tu, dhidi ya mtu wa kiwango kile.

Lakini ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi ni wa Riga, mwaka 1995, katika mashindano ya kumkumbuka Mikhail Tal. Garry Kasparov, bingwa, alikutana na Viswanathan Anand, ambaye miezi michache baadaye wangegombea ubingwa New York. Hatua ya nne Kasparov alisukuma b4. Anand alikula, akamrudisha askofu e7, sehemu inayohesabiwa kuwa salama, na baada ya d4 akampeleka farasi a5 kumtisha askofu wa c4. Nadharia ya wakati ule ilimtaka Mweupe ale e5 kwa farasi, amwachie Mweusi askofu wa c4, na kitunda chake kiwe kimerudi. Kasparov alikataa kurudishiwa. Alimvuta askofu nyuma kidogo hadi e2 na kuendelea kudai muda.

Kilichofuata hakina kafara ya malkia wala fataki. Malkia wa Mweupe alifika g3 na kuitisha g7, Anand akalazimika kucheza g6, na hatua ya 15 askofu wa c1 akaenda h6. Hakumla mtu. Alikaa tu pale, na kwa kukaa pale f8 ikawa chini ya ulinzi wake, mfalme wa Mweusi hakuweza kupita kwenda kujihifadhi. Anand alikula kitunda cha pili. Baadaye alimbadilisha askofu yule msumbufu, lakini mfalme wake alikuwa ameshabaki katikati, na alipolazimika kutoka hadi f7, farasi, malkia na ngome za Mweupe zilikuwa zinamngoja kwenye mstari wa e. Hatua ya 25 akakubali kushindwa.

Wakati anakubali, Anand alikuwa mbele kwa vitunda viwili. Hesabu kete nyingine zote, ziko sawa. Nikimweleza mtu gambiti ni nini, humwonyesha msimamo huo wa mwisho kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu unaonyesha wazi kwamba kete zilizokaa pembeni ya ubao hazisemi nani anashinda. Mwaka huohuo Kasparov aliirudia Evans Amsterdam dhidi ya Jeroen Piket na akashinda tena.

Je, leo hii gambiti iko wapi? Programu za kompyuta zenye nguvu huiona kama karibu sawa kwa sawa, Mweusi akijua anachofanya. Dhidi ya njia ya Lasker, Mweupe wa kisasa hamhifadhi mfalme haraka; baada ya d4 na d6 humtoa malkia b3 moja kwa moja, kutisha f7 kabla milango haijafungwa. Jibu linalopendekezwa ni malkia d7, hatua isiyopendeza machoni kwa sababu inamziba askofu wa c8, na Mweupe akila e5 Mweusi hakurupuki kulipiza bali anamrudisha askofu b6 kwanza, kwa moyo uleule wa Lasker. Wengine humpeleka askofu d6 badala ya a5, wakikubali kuziba kitunda chao wenyewe ili e5 isitikisike. Na wapo wanaoikataa sadaka kabisa kwa kumrudisha askofu b6 hatua ya nne; hao wasisahau kwamba Mweupe akicheza a4 anatishia a5 na kumkosesha askofu huyo pa kwenda, hivyo wampe nafasi kwa kitunda cha a mapema.

Ukiwa wewe ndiye uliyekula kitunda, basi, usijiulize utakilinda vipi. Jiulize utakirudisha lini. Ukikirudisha mapema mno, umempa Mweupe katikati ya ubao bure. Ukikishikilia hadi askofu wa c1 akafika a3, b2 au h6 huku mfalme wako yupo e8, umechelewa. Wakati mzuri ni ule ambao kurudisha kunafunga mstari au kunawaondoa malkia ubaoni. Na ukiwa wewe uliyekitoa, kila hatua yako izalishe tishio au ilete kete mpya vitani. Ukicheza hatua mbili za kupumzika, farasi wa g8 atakuwa ameshatoka, mfalme ameshajihifadhi, na utabaki umepungukiwa kitunda kimoja dhidi ya mtu asiye na haraka.

Anayetaka kujifunza aanze na mchezo wa Fischer na Fine, kwa kuwa ni mfupi na adhabu yake iko wazi, kisha ule wa Anderssen, na wa Riga awe wa mwisho. Auweke ubaoni kwa mikono yake na asisogee hatua ya 15 mpaka aweze kueleza kwa nini Anand hawezi kumhifadhi mfalme.